Kwa Miguu Katika Vilima vya Chiltern

Wahenga walisema: Tembea uone. Wengi wetu tukisikia habari za Uingereza twafikiri mara moja mji wa London, na motokari zake, na nyumba zake zilizosongamana. Mimi pia nilifikiri hivyo, mpaka siku moja ya Mungu katika mwezi wa Mei, nilipotembezwa na mzee mmoja wa parokia iliyonipokea huko. Mzee huyo ni mwalimu aliyestaafu, tena ni mtu wa miguu: hapendi kupanda gari akiweza kutembea. Nataka kuwasimulia safari yetu, kwa kuwa nilijifunza ndani yake jambo ambalo sikulipata darasani.

Tulitoka London kwa gari la moshi, tukalala Henley, mji mdogo ulio kando ya mto Thames. Asubuhi na mapema tukaanza kwenda. Nia yetu ilikuwa kufika Stonor kabla ya Misa, mwendo wa kilometa nane hivi. Tukashika njia iitwayo Oxfordshire Way. Njia hiyo hutoka mbali, huko Bourton-on-the-Water, nayo huishia Henley. Sisi tuliifuata kinyume, mpaka mahali pa kuiacha na kugeukia Stonor.

Vilima vya Chiltern si milima kama ile ya Kivu. Kilima kinachovipita vyote kina meta 267 tu. Huinuka na kushuka polepole, kama mawimbi ya ziwa upepo unapotulia. Chini ya udongo wake kuna jiwe jeupe laini, la namna ya chaki ya ubaoni. Mvua ikinyesha, maji huzama ndani ya jiwe hilo. Kwa hiyo mabonde mengi hayana kijito, na mgeni hushangaa kuona nchi yenye majani mabichi hivyo isiyo na maji yapitayo juu. Ndani ya jiwe hilo jeupe hupatikana gumegume, jiwe gumu sana. Wenyeji walijenga kwa gumegume kuta za makanisa yao na za nyumba zao.

Juu ya vilima ni msitu. Miti yake ni mirefu, ina gome laini la rangi ya majivu, na mwezi wa Mei majani yake ni machanga, hata nuru inayopita kati yake huwa ya kijani. Chini yametandazwa maua ya buluu, mfano wa kengele ndogo. Zamani mafundi walikaa humo msituni, wakichonga miguu ya viti kwa miti hiyo na kuipeleka mjini High Wycombe, ambako viti viliundwa. Juu yetu mwewe wekundu walikuwa wakizunguka bila kupiga mabawa. Ndege hao walikuwa wamekwisha kabisa katika Uingereza kwa sababu ya kuuawa na watu. Tangu mwaka 1989 hadi 1994 waliletwa wengine kutoka Hispania, wakaachiliwa hapo Chiltern, nao wakazaa wakaenea.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni njia zenyewe. Huko shamba lina mwenyewe, na msitu una mwenyewe, tena wana hati. Hata hivyo njia ya miguu ipitayo ndani yake ni ya watu wote. Tajiri hawezi kuifunga, maskini haombi ruhusa. Penye ua wa miiba huwekwa mlango mdogo, au ngazi fupi ya mbao ya kuvukia. Juu ya nguzo hupigwa mshale: wa manjano ni wa waendao kwa miguu, wa buluu ni wa njia iliyo wazi kwa farasi na baiskeli pia. Katika Uingereza na Wales njia za namna hii zapata kilometa 225,000. Tena kuna sheria hii: watu wakipita mahali kwa muda wa miaka 20 kama wenye haki, bila kuzuiwa wala kuomba, njia huhesabiwa kuwa ni ya wote.

Haki ya kutembea haikulindwa bila taabu. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, waliupanda mlima wa Kinder Scout, ambao wenye ardhi walikuwa wamewakataza watu. Watano kati yao walitiwa gerezani. Mwaka 1949 serikali ilitoa sheria ya kuandika njia zote za miguu katika ramani, wilaya kwa wilaya, ili mtu asiweze kusema: Hapa hapakuwa na njia.

Basi, tulipotoka msituni tulikuta shamba kubwa la shayiri, imefika magotini. Mshale wa manjano ulielekea katikati ya shamba, lakini njia haikuonekana. Aliyelima alikuwa amepanda mpaka juu ya njia. Nikasimama.

"Mzee," nikamwambia, "tuzunguke pembeni. Kwetu mtu akikanyaga mazao ya mwenzake huitwa mbele ya wazee."

"Ulilelewa vema, Mwalimu," akanijibu. "Lakini sisi hatukanyagi shamba. Tunakanyaga njia. Mwenye shamba aruhusiwa kulima juu yake, lakini sheria yampa siku 14 kuirudisha, tena mimea isiizibe, upana wake usipungue meta moja. Tukizunguka leo, kesho wengine watazunguka. Baada ya miaka kadha watoto wataapa kwamba hapa hapakupita mtu."

Akatangulia. Nami nikamfuata, nikiweka mguu wangu palepale alipoinua wake. Sitawaficha, ndugu zangu, kwamba moyo wangu ulipiga. Mimi ni mgeni, na rangi yangu huonekana kutoka mbali katika shayiri ya Waingereza. Tulipofika katikati, nikamwona mtu amesimama mlangoni ng'ambo ya pili, mikono kiunoni. Alikuwa mwenye shamba.

Mzee hakupunguza mwendo wala hakuongeza. Tulipomfikia akamwamkia kwa adabu. Yule mtu akatutazama, akatazama alama za miguu yetu katika shayiri, akasema, "Nimechelewa. Ningalipaswa kuikata. Nitaikata kesho."

"Asante," mzee akajibu. "Tumekwisha kukuonyesha mahali pa kupitisha mashine."

Mwenye shamba akacheka kidogo, bila furaha nyingi, akatufungulia mlango. Tukaagana.

Mbele kidogo mzee akanieleza zaidi. Kwa sheria ya kwao njia ya watu wote haifi kwa kuachwa tu. Lakini sheria iliyo katika karatasi haikati miiba. Kwa hiyo wako watu wa kujitolea, kama wale wa chama cha Chiltern Society kilichoanzishwa mwaka 1965. Huja na mapanga na misumeno, hutengeneza milango iliyooza, hupaka rangi mishale. Nikafikiri: kumbe hata huku kuna salongo! Lakini salongo iliyo kubwa zaidi, mzee alisema, ni miguu ya watu. Njia isiyopitwa huota majani.

Ndipo tukateremka, na ng'ambo ya bonde tukaiona nyumba ya Stonor, nyumba ndefu ya matofali mekundu, imejificha katika kunjo la vilima, msitu nyuma yake, na ayala wakila majani mbele yake. Kando yake kuna kanisa dogo la Utatu Mtakatifu, lililojengwa zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Mnajua kwamba wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza dini ya Katoliki ilikatazwa katika Uingereza. Aliyekosa kwenda katika kanisa la serikali alitozwa faini; na tangu mwaka 1581 faini hiyo ilifika pauni 20 kwa mwezi, mali iliyoweza kufilisi jamaa kubwa. Jamaa ya Stonor ililipa, ikauza mashamba, ikakaa na imani yake.

Mwezi wa Juni mwaka 1580 Padri Edmund Campion wa Shirika la Yezu aliingia nchini, amevaa kama mfanyabiashara wa vito. Akaenda kutoka nyumba hata nyumba, akisoma Misa kwa siri na kuungamisha. Hapo Stonor kiliwekwa chapa cha siri, na mwaka 1581 kikapigwa kitabu chake cha Kilatini kinachoeleza sababu kumi za imani. Tarehe 27 Juni wanafunzi na walimu wa Oxford waliingia katika kanisa la Mtakatifu Maria, wakakikuta kimewekwa juu ya mabenchi. Mwezi uliofuata Campion alikamatwa. Akateswa, akahukumiwa, na tarehe 1 Desemba 1581 akanyongwa Tyburn, huko London. Papa Paulo VI alimtangaza Mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1970, pamoja na wafiadini wenzake 39 wa Uingereza na Wales.

Tuliingia kanisani Misa haijaanza. Ukutani nikaona Njia ya Msalaba, vituo vyake vimechongwa kwa mti na askari Mpolandi aliyekuwa mfungwa katika vita kuu ya pili. Aliyevitoa zawadi kwa kanisa hilo ni Graham Greene, mwandishi wa vitabu. Ni yeye aliyekuja Kongo mwaka 1959 akakaa na wagonjwa wa ukoma huko Yonda, karibu na Mbandaka. Nikaona nchi si mbali kama tunavyodhani.

Padri alipoanza Misa, nikaelewa neno la mzee. Imani nayo ni njia ipitayo katika mashamba ya watu wengine. Wenye nguvu walilima juu yake, wakapanda vitu vyao. Lakini katika bonde hili walikuwako watu waliopita, baba akitangulia na mwana akifuata, hata njia haikupotea. Hawakuwa wengi. Miguu michache yatosha, mradi isikome.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi wazazi, jioni tuziangalie njia zetu. Iko njia ya kwenda kanisani. Iko sala ya jioni katika jamaa. Iko njia ya kwenda kumsalimia mgonjwa na mjane. Mtoto hazijui njia hizo kwa kuambiwa tu. Azijua kwa sababu aliona mgongo wa baba na mama mbele yake. Tukizunguka leo, kesho ataapa kwamba hapa hapakupita mtu.

Alasiri tulirudi Henley kwa njia ileile. Tulipofika kwenye shamba la shayiri, alama zetu za asubuhi zilikuwa bado zinaonekana, tena zimepanuka. Mama mmoja na watoto wake wawili walikuwa wakija kwetu, wakifuatana katika mstari huo. Tukasimama mlangoni kuwapisha.