Kichuguu na Dhahabu

Katika Tabora ya karne ya 19, thamani ilionekana kwa macho: pembe ya ndovu begani mwa mpagazi, safari ya Bagamoyo. Mtendeni, mtaa wenye jina la mtende, umo katika mji huo wa misafara. Kaskazini yake, Nzega, dhahabu ililala chini ya udongo, wala haikujitangaza.

Huko Finland na Kanada, barafu ya kale iliburura mawe na kuyasaga. Mtaalamu huupima udongo ulioachwa, kisha huifuata njia ya barafu kinyumenyume hadi penye mwamba wenye madini. Unyamwezi haukupitiwa na barafu hiyo. Hapa msaidizi ni mchwa. Ashukapo kutafuta unyevu, hupandisha chembe za chini hadi kichuguuni, na maabara huweza kutambua humo dhahabu ya sehemu chache tu katika bilioni.

Mgodi wa Golden Pride, Nzega, ulianza uzalishaji mwaka 1998, leo umefungwa. Ardhi husema na kila mtu, ila faida humwendea aisomaye. Basi somo la udongo lastahili kuwafikia watoto wa Mtendeni kabla mgeni mwingine hajaja na mizani yake.