Sikio la Muungamishi

Mnong'ono hauna mtetemo wa koo. Hubebwa zaidi na sauti nyembamba, na hizo ndizo ambazo uzee huziondoa kwanza. Ndiyo maana sisi mapadre wazee husikia ngoma na kwaya bila shida, lakini kwenye kiti cha kitubio "saa" hugeuka "taa".

Mtaalamu wa usikivu hakuanza na bei. Aliniuliza, "Padre, ni sauti ya nani unayohitaji zaidi kuisikia?" Nikamjibu: ya mtu anayenong'ona kwa aibu. Jibu hilo ndilo lililochagua kifaa. Shimesikio ndogo za ndani ya sikio hazionekani kwa urahisi, lakini alinishauri nichukue za nyuma ya sikio, zenye nguvu zaidi.

Siku za kwanza sauti yangu mwenyewe ilivuma kana kwamba nimeingiza kichwa pipani, na kurasa za Misale zilikwaruza. Mtaalamu akabadilisha kipira cha sikioni, akaweka chenye matundu. Kisha kila nilipomrudia alipandisha sauti nyembamba kidogo kidogo, ili ubongo upate muda wa kuzizoea.

Ndugu waseminari, Yesu alipomponya kiziwi, kwanza alimtenga na umati (Mk 7:33). Anayekuja kuungama naye ana haki ya faragha hiyo. Asilazimike kurudia dhambi yake kwa sauti inayofika hadi kwenye foleni. Masikio yakianza kupungua, mkapimwe mapema, kwa ajili yake.