Karatasi ya Hamburg, Mkono wa Shangazi

Tatuu mbichi ni kidonda, hata kama umekilipia. Hapa Hamburg mchoraji hakuachii utoke dukani bila karatasi ya maagizo. Yangu ilisema: osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, paka mafuta kidogo sana, usikune, usibandue vigaga, usiingie kwenye bwawa wala sauna kwa wiki kadhaa, jua lisiipate. Juu ya mchoro, chini kidogo ya kiwiko, alibandika utando mwembamba wa plastiki unaopitisha hewa na kuzuia maji. Nikapanda ndege kwenda Kigoma nikiwa nao mkononi.

Utando huo una asili yake. Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, aliandika katika jarida la Nature kuhusu vidonda vya nguruwe: kilichofunikwa kikabaki na unyevu kiliota ngozi mpya karibu mara mbili ya kasi ya kilichoachwa kikauke. Sisi tumelelewa kinyume. Kidonda kipigwe upepo, kikauke. Kikichelewa tunakikausha kwa nguvu: spiriti, GV ile ya zambarau, au unga wa kidonge cha antibiotiki cha rangi mbili kilichofunguliwa na kunyunyizwa juu. Huo unga ndio unaoniudhi zaidi. Unagandana na majimaji ya kidonda, ukija kubanduka unaondoka na wino, na dawa iliyotumika ovyo hivyo inawazoesha vijidudu hadi siku ya haja haiwatishi tena.

Lakini utando wenyewe haukudumu Ujiji, hapo hapo Kigoma. Kwa joto la saa nane mchana jasho lilijikusanya chini yake pamoja na majimaji na wino, kingo zikaanza kuachia. Utando ulioachia ni afadhali usiwepo, maana unafungia uchafu ndani. Nikautoa, nikaosha, nikabaki na shati la mikono mirefu.

Kisha maji. Karatasi ilitaja bwawa la kuogelea kwa sababu aliyeiandika anaoga bafuni kwake. Hakumfikiria mtu wa Kibirizi au Katonga, ambaye ziwa ndilo bafu lake, dobi lake na njia yake ya kwenda kazini. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu kiasi cha kuhesabu mawe chini, na uangavu huo unatudanganya. Kichocho hakihitaji hata kidonda, kinapenya ngozi nzima. Na Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kilizuka pale pale ufukweni, mbele ya maji hayo hayo mazuri. Wanaokuja likizo kutoka Ulaya, na ziwa ndilo la kwanza wanalolikimbilia, wachorwe wakisharudi huko, au wachorwe mapema ngozi ifunge kabla ya safari. Nyumbani nilitumia maji yaliyochemshwa yakapoa, yakimiminwa kwa kikombe. Beseni nililikwepa, kwa kuwa beseni la nyumba yenye watu wengi lina kazi nyingi.

Shangazi alileta mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za michikichi na kupakwa watoto wachanga. Kwenye kidonda kibichi nilikataa: yamepita chupa ngapi na mikono mingapi hadi kufika sokoni, hakuna ajuaye. Ngozi ilipofunga na kuanza kuwasha na kutoa magamba, niliyapaka kwa raha, na sioni krimu ya Hamburg iliyoyashinda. Mawese, mafuta mekundu ya michikichi hiyo hiyo, ni ya mboga. Wekundu wake hautoki shukani.

Na hapo kwenye wekundu ndipo karatasi iliponiacha njiani. Dalili ya kwanza ya hatari iliyoandikwa ilikuwa ngozi kuwa nyekundu. Ngozi yangu haiwi nyekundu kwa urahisi hivyo. Ikiungua kwa ndani inazidi kuiva weusi, au inakwenda kwenye zambarau, na juu ya wino mweusi hata hilo huwezi kuliona. Shangazi hakuangalia rangi. Kila asubuhi alinishika mkono, akaweka mgongo wa kiganja chake kando ya mchoro, kisha kwenye mkono mwingine, akalinganisha joto. Akabonyeza. Akauliza kama maumivu yanapungua au yanaongezeka, akapapasa kwapani kutafuta mitoki. Joto linalozidi baada ya siku mbili tatu, uvimbe unaopanda, usaha, homa: ukiona hayo ni hospitali, si mise wala spiriti.

Yote hayo aliyafanya huku akininung'unikia kwamba tatuu ni haramu. Yeye mwenyewe ana chale kifuani, alizochanjwa utotoni kwa wembe na kusuguliwa dawa nyeusi. "Zile zilikuwa tiba," alisema, "wewe umelipa uchanjwe bila ugonjwa." Sikubishana, ingawa wino mweusi wa tatuu nao kwa kawaida ni kaboni, ndugu wa masizi. Tofauti kubwa iko kwenye usimamizi. Tangu Januari 2022 Umoja wa Ulaya umewekea mipaka maelfu ya kemikali kwenye wino, na sindano hutumika mara moja. Wembe wa mganga ulipitia watu wangapi, ndiyo hofu ya homa ya ini na UKIMWI.

Ila Hamburg kidonda ni chako peke yako. Sheria ya bima ya afya ya Ujerumani inaagiza kwamba ukiugua kwa sababu ya tatuu, bima ikudai sehemu ya gharama. Ujiji kila aliyeingia uani aliukagua mkono wangu, akiwemo muuza dagaa, na wote walikuwa na ushauri.

Fomu niliyotia saini Hamburg iliuliza kuhusu ujauzito, mzio, kisukari na dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Shangazi aliuliza jambo ambalo fomu ililiruka: nilipotogwa masikio, kovu lilifura? Makovu ya kufura, yanayokua hadi kuvuka mpaka wa jeraha, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa masikioni, kifuani na mabegani. Yanaweza kuanza miezi mingi baada ya ngozi kufunga, na ukiyakata mara nyingi hurudi. Mimi langu halikufura, la mama yangu lilifura. Mchoro wa pili niliutaka kifuani. Nimeuhamishia kwenye kigimbi.