Fomu ya Ami

Nimekuwa kimya hapa siku nyingi, mnisamehe, kazi za watu zimenibana. Wiki iliyopita nilitumwa kuripoti semina ya watu wa mahoteli. Mtoa mada akatwambia mfanyakazi wa utalii anahitaji "akili ya kijamii", yaani uwezo wa kumsoma mtu na kujua namna ya kwenda naye. Wenzangu wakaandika haraka haraka kama vile jambo limegunduliwa jana. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliliandika tangu 1920, akasema fundi hodari kuliko wote kiwandani anaweza kushindwa kuwa msimamizi kwa kuikosa akili hiyo. Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa namuwaza Ami.

Kabla ya uandishi nilikaa mapokezi katika hoteli moja ndogo ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Cheti ninacho, Kiingereza ninacho, kompyuta ndiyo usiseme. Ami alikuwa akibeba mizigo ya wageni, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza bandarini. Ilikuwa ile miezi kisiwa kilipokosa umeme, Desemba 2009 hadi Machi 2010, mnaokumbuka mnakumbuka. Jenereta yetu ilizimwa saa tano usiku.

Akaja mama wa Kijerumani, mtu mzima, peke yake. Siku ya kwanza akalalamika chumba kinanuka. Nikambadilishia. Siku ya pili, godoro gumu. Nikambadilishia. Siku ya tatu ikawa mbu, na kesho anahama. Nikamjibu kwa adabu zote za darasani, kumbe ndiyo namzidishia hasira. Ami akanivuta pembeni.

"Mwanangu, huyu hana ugomvi na chumba. Hujaona analalamika magharibi tu? Na ngazi hapandi mpaka nimtangulie. Anaogopa kiza, haya zinamzuia kusema."

Akamhamishia chumba cha chini, jirani na anapokaa mlinzi, akamtundikia kandili mlangoni. Kuhusu kiza hakumgusia hata neno. Alimwambia ngazi za juu zinataka kufanyiwa matengenezo, basi. Mama akakaa siku tisa zaidi, kila asubuhi anacheka.

Ikaja masika, wageni hakuna, hoteli ikapunguza watu. Fomu ya tathmini ilikuwa na lugha, kompyuta, cheti, unadhifu na kuwahi kazini. Meneja alikuwa na haraka, akaniambia nijaze mimi, yeye atatia saini. (Naam, nilijaza na ya kwangu mwenyewe. Ndivyo kazi zetu zilivyo.) Kwa Ami niliandika: lugha kidogo, kompyuta hajui, cheti hana. Yote yalikuwa kweli. Chini kabisa palikuwa na mistari mitatu ya "maoni mengine", na habari ya yule mama ingeenea pale vizuri tu. Niliiacha mitupu. Nilikuwa na miaka 20 na niliogopa kupunguzwa, sina sababu nyingine.

Mwezi wa sita mimi niliitwa kazini. Ami hakuitwa.

Mwaka uliofuata yule mama aliandika barua pepe. Anataka kuja tena, anauliza kama mzee wa mizigo bado yupo. Nikamjibu kwamba amestaafu. Hakuandika tena.