Kura Niliyopiga Dhidi ya Swali



Juma hili nimekuwa nikitafakari juu ya zile programu zinazowawezesha watu wasiofahamiana kuulizana maswali kwa njia ya intaneti, kujibizana, kisha kuyapima majibu kwa kura, ili lililo bora lipande na lililo hafifu lishuke. Mfano ujulikanao sana ni Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky kwa ajili ya waandishi wa programu za kompyuta. Humo, jibu likiungwa mkono, aliyeliandika hupata alama 10; likipingwa hupoteza 2, naye aliyelipinga hupoteza 1. Anayehukumu naye hulipa kidogo. Lakini kulipinga swali hakumgharimu mpigakura chochote.

Katika mwanya wa namna hiyo ndimo nilimoteleza mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na haki ya kupiga kura katika ukumbi mwingine, mdogo, wenye utaratibu kama huo. Kijana mmoja aliuliza, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kwa nini orodha yake inakataa kuhifadhi baadhi ya majina ya watu. Sikulisoma swali hadi mwisho. Nilikitazama Kiingereza chake, nikapiga kura ya kupinga, nikaenda kunywa chai. Wengine wakafuata, kwani kura ya kwanza huwavuta wenzake, na swali likafungwa bila jibu.

Baadaye nilikuwa nikiingiza daftari la majina katika kompyuta, na programu ikakwama nilipofika kwa mzee ambaye jina lake huanza na Ng'. Nilipotafuta msaada nikakutana na swali lile lile. Tatizo lilikuwa ritifaa, kialama kile cha ng'ombe na ng'ambo: programu ilikidhani kuwa mwisho wa jina. Jibu nililipata kwingine, chini ya swali la mtu aliyesumbuliwa na jina la Kiayalandi, O'Brien: jina lisichanganywe na maneno ya amri, bali lipelekwe peke yake. Jibu hilo lilikuwa na kura tele. O'Brien alisaidiwa, Ng' wetu alifungiwa mlango.

Slashdot, iliyoanzishwa na Rob Malda mwaka 1997, iliwabana zaidi mahakimu wake. Mtu alipewa alama chache tu za kuhukumia, zenye kuisha muda, wala hakuruhusiwa kuhukumu na kusema katika mjadala ule ule. Tena hukumu zake zilipimwa na wengine. Ningebanwa hivyo, huenda ningesoma hadi mwisho. Nasema huenda, maana uvivu ni mjanja.

Nililirudia swali la kijana. Kura ya zamani haikuweza kuondolewa mpaka swali lirekebishwe. Basi nikakinyoosha Kiingereza chake, nikaiondoa kura yangu, nikaomba swali lifunguliwe. Lilifunguliwa baada ya siku nne. Nikaandika jibu, na chini yake nikamwomba radhi kwa Kiswahili. Ukurasa wake waonyesha kwamba hajaingia tena humo tangu juma lile nilipompigia kura.