Vyakula vya Barabarani Kisiwani Pemba

Akina mama wengi wanaokwenda Pemba kwa mara ya kwanza, kwa kwaya, semina au kumtembelea jamaa, hufunga mkate na biskuti za siku tatu kwa kuogopa tumbo. Tahadhari ni jambo jema, lakini mama wa namna hiyo hurudi bila kuonja kitu kizuri sana cha kisiwa kile. Pemba haina bustani ya watalii kama Forodhani ya Unguja. Chakula cha barabarani huko ni cha wenyeji wenyewe, na bei yake ni ya wenyeji.

Nenda Chake Chake jua linapotua. Meza zinatolewa, majiko ya mkaa yanapepewa. Muuzaji wa pweza humkata vipande vidogo mbele yako, akanyunyiza ndimu na pilipili, nawe unachoma kwa kijiti. Ukitaka supu yake unamiminiwa kikombeni. Pembeni kuna mishkaki, muhogo wa kukaanga, kachori na mkate wa kumimina. Mkate huu ni wa mchele uliolowekwa na kusagwa pamoja na tui, kisha ukatiwa hamira, sukari na iliki. Mimi naupenda kuliko vitumbua, ingawa najua wasomaji wengi watabisha.

Halafu kuna urojo. Ni mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa embe mbichi au ndimu, unaomiminwa juu ya viazi, bajia, kachori na mishkaki, ukamaliziwa na pilipili na chatini ya nazi. Asili ya vingi kati ya vitu hivyo ni Bara Hindi, lakini leo Mzanzibari hakubali kuambiwa kuwa urojo si wake.

Sasa niseme kama muuguzi. Msafiri haumizwi na barabara. Huumizwa na chakula kilichopoa na maji yasiyojulikana yalikotoka. Kula kinachotoka motoni mbele ya macho yako. Kachori iliyokaa sahani moja tangu saa tisa, mwombe muuzaji airudishe kwenye mafuta. Hatakasirika ukimwomba kwa adabu. Pweza naye awe ametoka chunguni. Chatini ya nazi haikupikwa na huharibika upesi kwenye joto, basi katika urojo wako iache. Juisi ya miwa ni tamu, lakini uliza habari za barafu. Dafu linalokatwa mbele yako halina mashaka. Na kabla ya kutazama chakula, tazama kama muuzaji ana maji na sabuni.

Hayo si maneno ya kutishana. Kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar mwaka 1978, na mwaka 2009 watu wa Mwambe, huko huko Pemba, walikuwa miongoni mwa waliopewa chanjo yake ya kunywa. Katika mlipuko wa 2015 na 2016 serikali ilifikia kupiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji barabarani. Fikiri mama anayelipa ada ya shule kwa karai moja la bajia siku hiyo alirudi nyumbani na nini! Kwa hiyo unaponunua kwa yule mwenye ndoo safi na kitambaa juu ya chakula, unamsaidia pia.

Ukiharisha, anza mara moja kunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mtoto mdogo asingojewe. Apelekwe kituo cha afya.

Lakini kuna chakula ambacho moto haukisaidii. Machi 2024, Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 walilazwa. Novemba 2021 watu 7 walikuwa wamekufa Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Sumu ya kasa haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa, haina dawa ya kuiondoa mwilini, na yaweza kumfikia mtoto kwa maziwa ya mama. Hutaikuta kwenye meza za Chake Chake, maana kuvua kasa ni marufuku. Ila ukikaribishwa kijijini, mama anayenyonyesha hasa, uliza kwa upole ni nyama gani. Bunju naye, yule samaki anayejivimbisha, ni hivyo hivyo.

Kuhusu adabu: Wapemba karibu wote ni Waislamu. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana, hata kama wewe hufungi. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi juu ya kutomkwaza mtu kwa chakula, na sioni sababu ya kuliweka neno hilo kando tunaposhuka bandarini Mkoani. Ngoja magharibi, ndipo meza zinapojaa kuliko miezi mingine yote. Vaa kanga au mtandio, msalimu mkubwa kwa shikamoo kabla ya kuuliza bei, na kula kwa mkono wa kulia.

Zawadi ya kurudi nayo ni halua kutoka Wete. Hupikwa kwa wanga, sukari, samli na iliki, ikikorogwa kwa saa kadhaa bila kupumzika, na huliwa na kahawa chungu. Nunua ukiwa umeshiba, la sivyo haifiki nyumbani. Na asubuhi ya safari ule kidogo tu, chai ya tangawizi na kipande cha mkate wa ufuta, kwa maana mkondo wa Nungwi haumheshimu mtu aliyepakia urojo.