Pain wa Naruto, Bibi Yangu Msangu na Safari ya Iringa

Leo sina habari ya staa yeyote. Leo namleta jamaa wa kuchorwa, mtu ambaye hayupo duniani, lakini ndiye aliyenipandisha basi la kwenda Iringa baada ya miaka kumi na moja ya kukataa. Kama Naruto hujaimaliza, naenda kukuharibia utamu, hivyo ukitaka kuishia hapa sitakulaumu.

Naruto niliijulia kwenye flash. Kuna mshkaji pale Mwanjelwa alikuwa anajazia watu muvi, nikampelekea flash aniwekee za Kichina, akachanganya akaniwekea katuni. Nilikasirika, halafu nikaangalia mpaka asubuhi. Baadaye nikagundua kwamba kabla ya katuni kulikuwa na manga, vitabu vya kuchora vya Masashi Kishimoto, vilivyoanza kutoka Japani mwaka 1999 vikaisha 2014, sura 700 nzima. Nikaanza upya kwa simu, bando la usiku, taa imezimwa. Mimi niliishia kidato cha nne, ila sura 700 nimesoma mara mbili, na ile sehemu ya Pain kuvamia Konoha nimeisoma mpaka idadi imenipotea.

Stori yenyewe iko hivi. Pain anaingia kijijini kwa kina Naruto na miili sita. Kila mwili una kazi yake: huyu anaita mazimwi, yule anakung'oa roho, mwingine ndiye kiongozi, anavuta na kusukuma vitu bila kuvigusa. Tayari ameshamuua Jiraiya, mwalimu wa Naruto. Anapokosa anachotafuta anapanda juu angani, ananyoosha mikono, na kijiji kizima kinabaki shimo. Siku ya kwanza kuona ukurasa ule niliweka simu chini kwanza. Wabaya wengine wanatishia tu, wanacheka kwa sauti kubwa, mwisho wanapigwa. Huyu hacheki. Anaongea taratibu kama mzee wa baraza, halafu anafanya.

Ila ubaya peke yake usingenikamata. Kilichonikamata ni hoja zake. Akiwa amembana Naruto chini, anamuuliza ataleta amani kwa njia gani. Anamwambia, kwa maneno yangu mimi, kwamba unaniita muuaji kwa sababu nimekuulia watu wako, lakini watu wako waliua wa kwangu na ninyi mkaita haki. Jina lake halisi ni Nagato. Katoka nchi ndogo ya Mvua, iliyokaa katikati ya nchi kubwa, na wakubwa wakigombana wanakuja kupigania uwanjani kwake. Wazazi wake waliuawa na ninja wa Konoha walioingia ndani kutafuta chakula wakadhani wamekutana na maadui. Rafiki yake Yahiko, ambaye ndiye hasa alikuwa anataka amani, alikufa mikononi mwake. Na ule mwili wa kiongozi unaobomoa Konoha ni maiti ya Yahiko huyo huyo. Acha hiyo ikuingie.

Hapa ndipo bibi yangu anapoingia. Mimi baba yangu Mhehe, mama yangu Msangu. Shuleni na kwa baba, Mkwawa ni mwamba. Agosti 1891 pale Lugalo aliwafyeka Wajerumani, kamanda wao Zelewski akafia pale. Ngome ya Kalenga ikaanguka 1894, akaingia porini akawasumbua miaka minne, na 1898 akaona bora ajiue kuliko kukamatwa. Fuvu lake likabebwa mpaka Ujerumani, likarudi Kalenga 1954. Ukipita pale makumbusho unaliona. Nilikuwa natembea kifua mbele.

Siku moja nikiwa Rujewa kwa bibi mzaa mama, tunapepeta mpunga, nikaanza kumsifia Mkwawa. Bibi akaniangalia. "Mjukuu wangu, huyo ndiye aliyetufukuza hapa." Akanieleza jinsi Wahehe walivyowatoa Wasangu kwenye nchi yao, Merere akahama na watu wake mpaka Utengule ya huku Mbeya, karibu na Mbalizi. Wajerumani walipokuja, Wasangu wakawa upande wao dhidi ya Mkwawa, na ndivyo walivyorudi kwao. Nilidhani wasaliti ni watu wengine, kumbe ni upande wa mama. Na ukiwauliza Wasafwa, ambao ardhi yao ndiyo Merere alikwenda kukalia, na wao wana yao ya kusema. Kila ukisogea kijiji kimoja, mbaya anabadilika. Siku ile nikamwelewa Kishimoto kuliko siku zote.

Sasa mimi nilikuwa na Pain wangu. Ni baba mdogo. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na nne. Haukupita mwaka, kiwanja chetu cha Iringa kikawa kimeuzwa na mama akarudishwa Rujewa na mabegi mawili. Sikutaka kusikia habari zake. Akipiga sipokei. Kichwani nilimchora mkubwa, mnene, anacheka kwenye kiti cha baba yangu.

Mwaka jana shangazi akanipigia. Baba mdogo anaumwa sukari, amekatwa mguu, anakuomba uende. Nikasema siendi. Usiku wakati natafuta usingizi nikafungua simu, na kama kawaida nikaangukia kwa Pain, pale Naruto anapomfikia Nagato mwenyewe. Wengi wanaikumbuka kama sehemu ya msamaha. Irudie uisome vizuri. Naruto akifika anamkuta mtu aliyekondeana, hawezi kutembea, vyuma vimechomekwa mgongoni. Yule aliyebomoa kijiji ni huyu. Na Naruto hamsamehi! Anakiri bado anatamani kumuua, anatetemeka kabisa. Anachoomba ni asimuliwe. Kisha anasikiliza mpaka mwisho, na jibu la amani bado hana, anashikilia tu kile alichoamini mwalimu wake.

Baada ya hapo Nagato anawafufua watu wa Konoha aliowaua siku ile, halafu anakufa yeye. Hapo Kishimoto alinikera na bado ananikera. Umetuliza watu, halafu unawarudisha kama umeme uliokatika. Huku kwetu aliyekufa amekufa, na mwenye kosa hana cha kukufufulia.

Asubuhi nikaenda stendi ya Nane Nane. Igawa, Makambako, Mafinga, njia nzima napanga maneno makali. Baridi ya Mafinga inaingia dirishani, jirani yangu kashikilia kuku kwenye kapu, mimi nagombana na mtu kimoyomoyo. Sikuwa naenda kusamehe. Nilikuwa naenda kusimuliwa.

Alikuwa amekaa nje juani, blanketi limefunika mguu uliobaki. Mdogo kuliko nilivyomwacha.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Umefanana na kaka." Akanyamaza, kisha, "Umekula?"

Tulikaa mpaka jioni. Akaniambia baba aliugua muda mrefu, waliokopwa wakaanza kuja mlangoni, akauza kiwanja kulipa. Mama je? Akasema wazee wa ukoo waliamua, yeye alikuwa mdogo wao, hakufungua mdomo. Nusu niliamini. Mengine nilimwona anaruka, anakohoa pasipo na kikohozi. Nikamwambia, "Baba mdogo, mimi sijakusamehe." Akasema, "Najua. Lakini umekuja."

Kesho yake wakati naaga akamtuma binti yake alete bahasha ya kaki. Ndani kuna karatasi ya mauziano ya kiwanja, na sahihi yake. Sikuisoma pale, niliona aibu. Nimeisomea kwenye basi, tumeshapita Ifunda. Bei iliyoandikwa imezidi ile aliyonitajia kwa laki nne.

Ninajiuliza kama alisahau, au alijua nitasoma ndiyo maana akanipa. Karatasi iko chini ya godoro langu hapa Mbeya. Mama bado sijamwonyesha.